Wasomaji Wanauliza: Huyu Šefčovič wa Ulaya ni nani hasa?

Toleo lililopita tulielezea kwa kifupi dili la ushuru kati ya Marekani na Umoja wa Ulaya, lile la Julai 2025 kule Turnberry, Scotland, na humo ndani tukamtaja kamishna wa biashara wa Ulaya, Mslovakia anaitwa Maroš Šefčovič (wewe litamke tu Marosh Shefchovich, inatosha). Basi meseji zikamiminika. Wengine wanataka kujua katoka wapi, wengine familia yake, wengine wanauliza kwanini tuhangaike na Mzungu ambaye hata Bongo hajulikani, na hili la mwisho ndo limenifanya nitoe safu nzima leo, kwasababu huyu ni mtu anayeshika meza ambayo maua yetu, kahawa yetu na maharage yetu yanapita juu yake.

Kaka habari za kazi. Namuona kwenye habari kila mara yupo Washington anaongea na watu wa Trump. Kafikaje hapo? Nani kamchagua? (Msomaji wa Morogoro)

Nzuri ndugu yangu. Kazaliwa Bratislava tarehe 24 Julai 1966, enzi hizo nchi inaitwa Czechoslovakia na inatawaliwa na wakomunisti. Kaanza chuo cha uchumi hapohapo kwao, baada ya mwaka mmoja akaenda Moscow kwenye chuo cha uhusiano wa kimataifa, MGIMO, kuanzia 1985 mpaka 1990. Hebu iangalie hiyo miaka vizuri. Anaingia Moscow Gorbachev ndo kwanza kashika madaraka, anatoka Moscow ukuta wa Berlin umeshaanguka, kwao wananchi wameshaingia barabarani Novemba 1989 na utawala uliompeleka kusoma haupo tena. Kijana wa miaka 24 ana digrii ya ulimwengu uliokufa.

Akarudi, wizara ya mambo ya nje Prague ikamchukua, na kituo chake cha kwanza nje ya nchi unajua kilikuwa wapi? Harare. Ndio, Harare hii ya Zimbabwe, 1991 mpaka 1992, katibu wa tatu na konseli pale ubalozini. Sijaona anaizungumzia sana ila mimi naona ni jambo la kukumbukwa, kwamba huyu anayejadili biashara na Afrika leo alianzia kazi Afrika, tena kwenye ngazi ya chini kabisa. Baadae akahamishiwa Ottawa, Canada, na tarehe 1 Januari 1993 nchi yake ikagawanyika, Wacheki huku Waslovakia kule, akabaki na Slovakia. Halafu Brussels 1998 kama naibu mkuu wa ofisi ya Slovakia kwenye Umoja wa Ulaya, halafu balozi Israel 1999 mpaka 2002, halafu akarudi nyumbani kusimamia idara ya mambo ya Ulaya wizarani, na 2004, mwaka ambao Slovakia iliingia Umoja wa Ulaya, akapelekwa tena Brussels kama balozi wa kudumu. Katikati ya safari zote hizo akapata udaktari wa sheria chuo kikuu cha Comenius, Bratislava.

Sasa sehemu ya "nani kamchagua". Kwa kura za wananchi, kwa kiti hiki, hakuna. Kila nchi mwanachama inatoa jina moja, rais wa Kamisheni (ndo kama serikali ya Umoja wa Ulaya, na makamishna ni kama mawaziri wake) anagawa wizara, Bunge la Ulaya linawahoji mmoja mmoja masaa matatu hivi, alafu linapiga kura kuwapitisha wote kwa pamoja. Yeye aliingia Oktoba 2009 kwa mlango wa dharura, kamishna aliyekuwepo, Ján Figeľ, alijiuzulu akaenda kuongoza chama chake nyumbani, ikabaki miezi michache ya muhula, Šefčovič akapewa elimu na utamaduni amalizie. Tangu siku hiyo hajatoka! Marais wa Kamisheni wanabadilika, Barroso kaondoka, Juncker kaja kaondoka, sasa von der Leyen yupo muhula wa pili na yeye bado yupo. Kapita kwenye utumishi (ndo yeye aliyesimamia mageuzi ya 2013, wafanyakazi wa Kamisheni wakapandishiwa wiki ya kazi mpaka masaa 40 na nafasi zikapunguzwa kwa asilimia 5), kapita kwenye nishati, kapita kwenye Brexit (Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya), kapita kwenye mazingira alipoondoka Frans Timmermans Agosti 2023, na tangu 1 Desemba 2024 yuko biashara.

Hata hiyo nishati ilimjia kwa bahati. 2014 alitajwa awe wa uchukuzi, kahojiwa bungeni kafaulu, ghafla bunge likamkataa Alenka Bratušek wa Slovenia aliyekuwa ameandaliwa kiti cha nishati, Juncker akahamisha watu, na Šefčovič akarudi kuhojiwa mara ya pili mwezi wa Oktoba kwa kazi nyingine kabisa. Akafaulu tena. Mtu akiwa na tabia ya kusoma mafaili yote mpaka ukurasa wa mwisho, ukimhamisha leo kesho anajibu maswali. Ndo siri yake naona, na kwenye siasa ni kitu adimu kuliko tunavyodhani.

Kijana wangu, unatuambia alisoma Moscow na serikali yao ya sasa inaenda kumsalimia Putin. Huyo tumwamini vipi? (Mzee wa Mombasa)

Shikamoo mzee wangu. Swali lako waliuliza hata wabunge wa Ulaya, sio wewe peke yako. Ni kweli kasoma MGIMO, na 1989 alikuwa mwanachama wa chama cha kikomunisti, hili halikanushwi na lilirudi sana alipogombea urais wa Slovakia 2019. Na ni kweli waziri mkuu Robert Fico alikwenda Kremlin Desemba 2024, na ni serikali ya Fico iliyompendekeza Šefčovič arudi Kamisheni.

Lakini mzee, twende na alichofanya. Januari 2009 Urusi na Ukraine waligombana kuhusu bei, bomba la gesi likafungwa, na Slovakia ambayo wakati ule karibu gesi yake yote ilitoka Urusi ikakaa wiki mbili hivi bila gesi ya bomba katikati ya baridi kali, viwanda vikasimamishwa. Yeye wakati huo ndo balozi wa Slovakia Brussels. Miaka mitano baadae anakabidhiwa ule mpango wa kuunganisha nishati ya Ulaya, na mwaka 2019, mwezi wa Desemba wote, ndo yeye aliyekuwa katikati ya Warusi na Waukraine mpaka wakasaini mkataba wa gesi kupita Ukraine kwa miaka mitano, mita za ujazo bilioni 65 mwaka wa kwanza na bilioni 40 kila mwaka baada ya hapo. Ulisainiwa siku moja kabla mkataba wa zamani haujaisha. Pale Kirusi chake cha MGIMO kilisaidia wote wawili. Na vita ilipokuja, 2023 akasimamia jukwaa la nchi za Ulaya kununua gesi kwa pamoja ili watoke mikononi mwa Urusi.

Makamishna wanaapa mbele ya Mahakama ya Ulaya kule Luxembourg kwamba hawapokei maagizo ya serikali zao. Kiapo ni kiapo, mtu anaweza kukivunja, ila kwa huyu sijaona mahali Fico kavuta upande mmoja kuhusu Ukraine na Šefčovič akamfuata dhidi ya Kamisheni.

Doa ambalo mimi naliona kubwa ni lingine. Alipohojiwa Januari 2010 wabunge walimbana kuhusu maneno aliyodaiwa kuyasema 2005 juu ya Waroma, kwamba wanatumia vibaya misaada ya serikali. Akaonyesha kujutia. Waroma ni watu wanaobaguliwa sana Slovakia, kwenye shule, kwenye makazi, na mwanadiplomasia kuzungumza hivyo ni aibu, bora alibanwa mbele ya kamera.

Dada yenu wa Dar naomba mniambie ana mke? Watoto? (Msomaji wa Sinza)

Ana mke na watoto watatu, dada. Zaidi ya hapo familia haitembezwi kwenye magazeti na mimi sitaitembeza. Nje ya Kislovakia anaongea Kiingereza, Kifaransa na Kirusi, na sehemu kubwa ya maisha yake ya utu uzima kaishi nje ya kwao, kitu ambacho kilikuja kumgharimu, soma swali linalofuata.

Nasoma sayansi ya siasa mwaka wa pili. Nimesoma kwamba aligombea urais akaanguka. Mtu mwenye wasifu kama huo anaangukaje? (Mwanafunzi, Dodoma)

Hili swali nimelipenda mdogo wangu. Wasifu haupigi kura. Kwanza jua kwamba 2014 aliongoza orodha ya Smer, chama cha Fico, uchaguzi wa Bunge la Ulaya na akashinda kiti, ila mwaka ule Slovakia waliojitokeza kupiga kura walikuwa asilimia 13 tu, chini kuliko nchi yoyote ya Umoja. Na kiti chenyewe hakukikalia, akabaki Kamisheni. Kwahiyo hakuwahi kujaribiwa na wananchi kwelikweli mpaka 2019.

Na 2019 haukuwa mwaka wa kawaida. Februari 2018 mwandishi wa habari Ján Kuciak na mchumba wake Martina Kušnírová waliuawa kwa risasi nyumbani kwao, vijana wa miaka 27 wote wawili, Kuciak akiwa anachunguza biashara chafu na uhusiano wake na wanasiasa. Nchi ikalipuka. Maelfu kwa maelfu waliingia barabarani, maandamano ambayo hayajaonekana tangu 1989, na Fico akaachia uwaziri mkuu Machi 2018. Sasa fikiria mwaka mmoja baadae unaomba urais ukiungwa mkono na chama hichohicho cha Smer. Šefčovič alisema yeye ni mgombea huru, na kadi ya chama kweli hakuwa nayo, ila watu waliona nani anamlipia mabango.

Upande wa pili akasimama Zuzana Čaputová, mwanasheria wa Pezinok ambaye miaka mingi alipigania mji wake usiwekewe dampo jingine la taka, akashinda mahakamani. Raundi ya kwanza, 16 Machi, mama alipata asilimia 40 na ushei, Šefčovič hakufika hata 19. Wiki mbili za katikati hapo ndo aliponiudhi. Mtu aliyejijenga kwa utulivu na hoja akageuka kuwa mtetezi wa maadili ya Kikristo, akaanza kumsema mwenzie kwamba ni mliberali kupita kiasi kwasababu ya msimamo wake kuhusu utoaji mimba na haki za mashoga, akitafuta kura za wahafidhina ambao walishamkataa raundi ya kwanza. Haikumkaa. Watu walimjua kama mtu wa Brussels, wakamuona kavaa nguo ya kuazima. Tarehe 30 Machi matokeo yakawa 58.4 kwa 41.6.

Nitamtendea haki pia, usiku uleule alimpigia Čaputová simu, akampongeza, akasema rais wa kwanza mwanamke wa Slovakia anastahili shada la maua. Hakuna aliyeenda mahakamani, hakuna aliyedai kuibiwa. Na Jumatatu kazi ya Brussels ilikuwa inamsubiri.

Mimi ni mkenya niko Belfast, nahudumia wazee. Hapa kuna watu wakisikia jina lake wanakunja uso, wengine wanamsifu. Alifanya nini? (Msomaji wa Belfast)

Dada, wewe umekaa palepale penye kazi yake ngumu kuliko zote. Uingereza ilipotoka Umoja wa Ulaya, Ireland ya Kaskazini ilibaki na kanuni za bidhaa za Ulaya ili pasiwekwe ukuta wa forodha kati yake na Jamhuri ya Ireland, maana mpaka ule una historia ya damu. Matokeo yake forodha ikahamia baharini, ndani ya nchi moja. Chukua lori moja la supamaketi linatoka Scotland linavuka kwenda bandari ya Larne, limebeba maziwa, sandwichi, kuku, soseji. Kabla ya hapo lilikuwa linashuka tu kwenye meli na kuondoka. Sasa likawa linatakiwa fomu za forodha na vyeti vya daktari wa mifugo kwa kila aina ya chakula cha mnyama kilichomo, na nyama mbichi za kwenye friji kama soseji kisheria zilikuwa hazitakiwi kabisa kuingia soko la Ulaya kutoka nje. Zikawa zinaokolewa na muda wa msamaha unaosogezwa mbele kila ukikaribia kuisha. Magazeti ya London yakaita vita ya soseji. Waprotestanti wanaojiona Waingereza wakaona wametengwa, ndo hao wanaokunja uso.

Šefčovič alikaa upande wa Ulaya kwenye ile kamati ya pamoja ya Ulaya na Uingereza kuanzia 2020, na upande wa pili wa meza watu wakawa wanabadilika tu, Michael Gove, David Frost, Liz Truss, James Cleverly. Frost alikuja na lugha ya ubabe, Šefčovič hakujibu kwa ubabe, akaenda mwenyewe Ireland ya Kaskazini Septemba 2021 kusikiliza wafanyabiashara na vyama, na mwezi uliofuata akaleta mapendekezo ya kupunguza makaratasi. Wakati huohuo Kamisheni iliishtaki Uingereza kisheria, tusifiche, upole wake una meno. Tarehe 27 Februari 2023 ikatoka ile Windsor Framework, makubaliano mapya ya kurekebisha mambo hayo, waziri mkuu wa Uingereza wakati ule, Sunak, na von der Leyen wakapiga picha, ila waliokesha na vipengele ni Šefčovič na Cleverly. Lile lori letu sasa likiwa linapeleka vitu vya kuliwa hapohapo Ireland ya Kaskazini linapita njia ya kijani na karatasi chache, likiwa na mzigo unaoweza kuvuka kwenda Dublin linapita njia nyekundu na ukaguzi wote. Ukienda dukani angalia paketi za nyama na maziwa, imeandikwa kwamba sio kwa ajili ya Umoja wa Ulaya. Hiyo lebo ndo mkataba wenyewe umeushika mkononi.

Na kwa Trump je, si alipigwa? (wasomaji kama sita hivi, nimewaunganisha)

Kuna ukweli. Alianza kwa kutaka ushuru wa viwandani uwe sifuri kwa sifuri pande zote, Marekani ikakataa. Mei 2025 Trump akatishia asilimia 50, Julai akaandika barua ya asilimia 30, na Šefčovič akasema waziwazi kwamba kwa 30 biashara inakufa, na hapo tunaongelea biashara ya zaidi ya yuro trilioni 1.6 kwa mwaka ukijumlisha bidhaa na huduma. Akawa anaruka kwenda Washington kila wakati kukaa na Howard Lutnick na Jamieson Greer, watu wa Trump wa mambo ya biashara. Mwisho wakatoka na asilimia 15 kwa bidhaa nyingi, magari yakashuka kutoka 27.5 mpaka 15, chuma na aluminiamu zikabaki na 50, na Ulaya ikakubali kuondoa ushuru kwa bidhaa za viwandani za Marekani.

Wafaransa wengi waliita ni kusalimu amri na siwalaumu. Ila kumbuka huyu anatoka nchi ya watu milioni 5.4 inayotengeneza magari mengi kwa kila kichwa kuliko nchi yoyote duniani, Volkswagen Bratislava, Kia Žilina, Stellantis Trnava, Jaguar Land Rover Nitra. Vita ya ushuru wa magari kwake ni mishahara ya majirani. Mimi nadhani alipata kilichokuwa kinapatikana, sio zaidi, na angeweza kutumia vitisho vya Ulaya vya kulipiza ushuru mapema badala ya kuviahirisha kila mara.

Sisi tunauza waridi Uholanzi. Huyu anatuhusu nini, si tuongee na Waholanzi? (Msomaji wa Naivasha)

Waholanzi hawana ruhusa! Hapa ndo watu wengi wanakosea. Nchi za Umoja wa Ulaya zina forodha moja, Uholanzi haiwezi kukupunguzia ushuru hata ikikupenda vipi, mamlaka yako Kamisheni na meza ni ya kamishna wa biashara. Mwaka 2014 mtaukumbuka, muda wa makubaliano ya biashara kati ya Afrika Mashariki na Ulaya ulipita Oktoba mosi bila mkataba, na maua ya Kenya yakaanza kutozwa kati ya asilimia 5 na 8.5 mpaka karibu na Krismasi. Tanzania, Uganda na Rwanda hazikuguswa kwasababu zipo kwenye kundi la nchi maskini zaidi na zinaingiza bila ushuru kwa utaratibu mwingine, Kenya peke yake ndo ilibaki imesimama juani. Mkataba wa sasa wa Kenya na Ulaya ulisainiwa Nairobi 18 Desemba 2023 na ukaanza kazi 1 Julai 2024. Wakati ule kamishna alikuwa Dombrovskis, ila utekelezaji umeangukia kwa Šefčovič, na Kenya nayo inafungua soko lake kwa bidhaa za Ulaya taratibu, hadi miaka 25. Vyama vya wakulima inabidi vijue jina la huyu bwana na vimwandikie kupitia ubalozi, kwa adabu na kwa takwimu, kwasababu ni mtu wa kusoma.

Jambo kaka. Mimi nimetoka Kolwezi, naishi Bruxelles, Matonge. Ule mpango wake wa betri unategemea kobalti yetu, tunapata nini? (Msomaji wa Brussels)

Jambo sana ndugu. Oktoba 2017 alianzisha muungano wa betri wa Ulaya ili viwanda vya betri za magari visibaki China, Korea na Japani tu. Wazo zuri, matokeo nusunusu, Northvolt ya Sweden iliyokuwa inatolewa mfano kila hotuba ikafilisika Machi 2025. Na uko sawa, kobalti nyingi ya dunia, zaidi ya nusu, inachimbwa Kongo, kwenye Lualaba yenu na Katanga ya Juu. Oktoba 2023 Ulaya ilisaini na Kongo na Zambia makubaliano ya madini muhimu, ndani yake kuna maneno ya kusindika madini hukohuko Kongo. Maneno yapo, viwanda ndo tunavisubiri, na mimi hapa sina uvumilivu hata kidogo, kwasababu mtu aliyeweza kukesha miaka mitatu kwa ajili ya soseji za Belfast anaweza kukesha kwa ajili ya Kolwezi kama akisukumwa. Wewe uko Brussels, jengo la Berlaymont, makao ya Kamisheni, ni matembezi ya nusu saa kutoka Matonge, na jumuiya ya Wakongo hapo ni kubwa. Rejesta ya ushawishi (orodha ya makampuni na vikundi vinavyowashawishi viongozi) na mikutano ya makamishna inawekwa wazi kwa umma, na usimamizi wa huo uwazi nao uko chini ya ofisi yake yeye mwenyewe. Muulizeni kakutana na nani kuhusu kobalti.

Muhula wake unaisha lini? (Msomaji wa Kigoma)

Kamisheni hii inaenda mpaka 2029. Atakuwa na miaka 63, na mwaka huohuo Slovakia inachagua rais mwingine.